Hisa za Maziwa na Soko la Mlango Mmoja

Zamani katika Visiwa hivi neno hisa lilikuwa likisikika zaidi katika mabenki na ofisi za mawakili kuliko barazani. Siku hizi limeingia majumbani. Wapo vijana wanaonunua hisa kwa simu ya mkononi, wapo ndugu zetu walioko Uingereza, Kanada na nchi za Ghuba wanaowashauri jamaa zao waliobaki nyumbani waweke fedha katika makampuni ya huko, na wapo maofisa waliokabidhiwa dhamana ya akiba za watumishi ambao huletewa mezani makabrasha yenye picha za kupendeza na mistari ya hesabu inayopanda kwenda juu. Sisi hatuna ugomvi na jambo hilo. Mwananchi aliyejinyima akaweka akiba ana haki ya kuitafutia akiba yake mahali pa kuzaa. Lakini tunaona yako mambo ambayo makabrasha hayo hayayasemi, nayo hufahamika vizuri zaidi kwa kuifuata kampuni moja tangu kuzaliwa kwake hadi leo kuliko kwa kusoma maneno ya jumla.

Kampuni tuliyoichagua ni The a2 Milk Company ya New Zealand, ambayo huuza maziwa ya aina maalumu na imejipatia jina kwa kuyapeleka nchi za nje. Tumeichagua kwa kuwa inatoka katika nchi ya visiwa kama yetu, na kwa kuwa maziwa hayahitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Unguja au Pemba. Isitoshe, hadithi yake ni tamu sana ikisimuliwa nusu ya kwanza, na nusu hiyo ndiyo inayopendwa na wauzaji wa hisa.

New Zealand ina watu kiasi cha milioni 5, na idadi ya ng'ombe wake wa maziwa haiko mbali na hiyo. Maziwa ndiyo karafuu yao. Sehemu kubwa hukusanywa na Fonterra, ushirika wa wakulima ulioundwa mwaka 2001, hukaushwa yakawa unga, na kuuzwa duniani kwa bei ambayo mkulima hana amri nayo. Ndani ya hali hiyo, mwaka 2000, mwanasayansi Corran McLachlan na mfanyabiashara Howard Paterson waliunda kampuni waliyoiita A2 Corporation. Wote wawili walifariki dunia mwaka 2003, kabla mti waliouotesha haujazaa kitu cha maana.

Fikra yao ilikuwa hii. Katika protini za maziwa ya ng'ombe imo moja iitwayo beta-kaseini, ambayo ni mnyororo wa viungo 209. Katika kiungo cha 67 ng'ombe hawalingani: wengine wana asidi amino iitwayo prolini, na maziwa yao huitwa A2, wengine wana histidini, na maziwa yao huitwa A1. Aina ya A1 inaaminiwa kuwa ilizuka miongoni mwa ng'ombe wa Ulaya maelfu ya miaka iliyopita, na imeenea sana katika ng'ombe weusi kwa weupe wa Kifrisi. Maziwa ya A1 yakisagwa tumboni hutoa kipande kidogo cha protini ambacho, kwa mujibu wa waanzilishi hao, huweza kumletea mtu madhara. Kwa kupima unywele wa mkia wa ng'ombe waliweza kujua ni yupi wa A2, wakamtenga na wenziwe, na maziwa yake wakayauza kwa bei ya juu kuliko mengine.

Hapa inatubidi tuseme neno pembeni. Ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, huyu tunayemwona akifungwa chini ya mnazi kuanzia Makunduchi hadi Micheweni, ni wa jamii ya zebu, na vipimo vilivyofanywa katika nchi nyingi vimeonyesha kwamba zebu kwa sehemu kubwa sana ni wa A2. Maziwa ya mbuzi nayo si ya A1. Kwa hiyo kile kinachouzwa ng'ambo ndani ya chupa yenye nembo na kwa bei ya fahari, bibi zetu walikuwa wakikikama asubuhi bila ya kujua kuwa kina jina. Aliyetajirika si yule aliyekuwa na maziwa, bali aliyeweza kuwathibitishia wanunuzi kwamba anayo, na kuwafanya wayatake.

Je, ni kweli kwamba maziwa ya A1 yana madhara? Katika miaka ya mwanzo kampuni na watetezi wake waliyahusisha na maradhi ya moyo na kisukari cha utotoni. Mwaka 2004 Profesa Boyd Swinburn aliichunguza habari hiyo kwa niaba ya mamlaka ya chakula ya New Zealand, akaona kwamba dhana yenyewe inastahili kuchunguzwa zaidi lakini haijathibitishwa. Mwaka huohuo kampuni iliyokuwa ikiyauza maziwa hayo Australia ilitozwa faini ya dola 15,000 za nchi hiyo, huko Queensland, kwa matangazo ya kupotosha. Mwaka 2009 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya nayo ilipitia maandishi yote yaliyokuwapo na kutangaza kwamba haikuona uhusiano wa sababu na matokeo baina ya kipande kile cha protini na maradhi hayo. Baada ya hapo madai yalipunguzwa makali. Siku hizi yanayosemwa zaidi ni kwamba maziwa ya A2 ni mepesi tumboni kwa baadhi ya watu, na zipo tafiti ndogondogo zinazoliunga mkono jambo hilo, ingawa kadhaa kati yake zilifanywa kwa fedha za kampuni yenyewe.

Hatusemi haya kwa kuwadharau wanaoyanywa. Anayeona maziwa fulani yanamkaa vizuri tumboni hana haja ya ruhusa ya mwanasayansi. Tunayasema kwa ajili ya mwenye fedha zake, kwani inafaa ajue anachokinunua. Katika miaka iliyoipandisha juu kampuni hii haikuwa na shamba kubwa wala kiwanda kikubwa. Maziwa yalikuwa ya wakulima, unga wa watoto ulitengenezwa na kampuni nyingine, Synlait, katika kiwanda chake cha Dunsandel jimboni Canterbury, na hata uuzaji ulikuwa mikononi mwa washirika. Mali yake kubwa ilikuwa jina na imani ya mnunuzi katika jina hilo. Imani ni mali kweli, lakini haifungwi kwa kamba. Makampuni makubwa yalipoona njia imekwisha kufyekwa yaliifuata: Nestlé, kwa mfano, mwaka 2018 iliingiza katika soko la China maziwa yake ya watoto ya A2.

Sasa tuje katika safari za ng'ambo. Australia, jirani wa karibu, ilikubali, na hapo ndipo kampuni iliposimama kwa miguu yake. Uingereza walikwenda mwaka 2012 kwa ushirika na kampuni ya maziwa ya huko, wakahangaika kwa miaka saba, wakaondoka mwaka 2019. Marekani waliingia mwaka 2015 wakianzia California, na kwa miaka mingi biashara ya huko ilikula fedha badala ya kuzileta. Bidhaa ilikuwa ileile, jina lilelile na matangazo ya mtindo mmoja. Kwa nini basi ilishindwa Uingereza na kushinda China? Jawabu halimo katika maziwa.

Jawabu limo katika msiba. Mwaka 2008 iligunduliwa nchini China kwamba maziwa ya watoto wachanga yalikuwa yametiwa melamini, dawa ya viwandani inayotumika kutengenezea plastiki, ili maziwa yaliyotiwa maji yaonekane katika vipimo kuwa yana protini ya kutosha. Watoto kiasi cha 300,000 waliugua, wengi kwa mawe ya figo, na 6 walitajwa rasmi kuwa wamekufa. Kampuni iliyokuwa mbele katika uovu huo, Sanlu, ilikuwa na mbia kutoka New Zealand, nao ni Fonterra, aliyekuwa na asilimia 43 ya hisa. Nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, zilipiga marufuku maziwa ya China mwaka huo. Lakini mzazi wa Kichina hakuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa kopo lililotoka nje ya nchi, na tangu siku hizo alikuwa tayari kulilipia maradufu.

Kiu hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2013 Serikali ya Hong Kong ilitunga sheria ya kumzuia msafiri asitoke na zaidi ya kilo 1.8 za maziwa ya unga ya watoto, yaani makopo mawili. Huko Australia maduka makubwa nayo yaliweka kiasi kwa kila mnunuzi. Wanafunzi wa Kichina na watalii walikuwa wakinunua makopo madukani, wakiyafunga na kuyatuma kwa posta kwa jamaa na wateja wao kule nyumbani. Watu hao huitwa daigou, maana yake mtu anayenunua kwa niaba ya mwingine. Msomaji wetu hatashangaa: nani katika Visiwa hivi hajamwagiza msafiri wa Dubai au Maskati amletee kitu? Tofauti ni kwamba wale walikuwa maelfu kwa maelfu, na mzigo wao ulikuwa mmoja.

A2 ilianza kuuza maziwa yake ya watoto China mwaka 2013, wakati mwafaka kabisa. Tazama hesabu zake. Katika mwaka wa fedha wa 2013 mauzo yote ya kampuni yalikuwa kiasi cha dola milioni 94 za New Zealand. Katika mwaka wa 2018 yalikuwa kiasi cha milioni 920, na katika mwaka wa 2020 yalifika bilioni 1.73, faida halisi ikiwa milioni 386. Hisa iliyokuwa ikinunuliwa mwanzoni mwa mwaka 2015 kwa chini ya dola moja ilivuka dola 20 katikati ya mwaka 2020. Mwezi wa Februari 2018 kampuni hii isiyo na kiwanda kikubwa iliwahi, kwa muda, kuwa ya kwanza kwa thamani katika soko la hisa la New Zealand. Aliyenunua mapema na kuuza kwa wakati alitajirika, na hatuna sababu ya kuificha habari hiyo.

Nusu ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi. Mwezi wa Machi 2020 Australia ilifunga mipaka yake kwa sababu ya maradhi ya Uviko. Mwanzoni mauzo yalipanda, kwa kuwa watu walijaza makopo ndani ya nyumba kwa hofu, na waliokuwa wakitazama hesabu za miezi ile wakadhani maradhi yameiletea kampuni neema. Kumbe watalii wamekatika, wanafunzi wamekwenda kwao, na wale daigou waliokuwa wakiibeba bidhaa mikononi hawapo tena. Makopo yakarundikana maghalani. Maziwa ya watoto si saruji. Mama wa Kichina husoma tarehe ya kutengenezwa, na kopo lililokaa hushuka bei na kulivuta chini lile lililo jipya. Kati ya Septemba 2020 na Mei 2021 kampuni ilitangaza mara nne kwamba makisio yake ya mauzo yamepungua. Maziwa yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 100 yalihesabiwa kuwa hasara. Faida ya mwaka wa fedha wa 2021 ikawa milioni 81 tu, na bei ya hisa ikaanguka chini ya dola 6. Aliyeweka dola 10,000 bei ilipokuwa juu alibaki na chini ya 3,000 kabla ya mwaka kutimia.

Na juu ya hasara hiyo, kuna hesabu rahisi ambayo yeyote angeweza kuifanya kabla ya anguko. Kwa bei ya dola 20 kwa hisa, mnunuzi alikuwa akilipa karibu mara 40 ya faida ya kampuni kwa mwaka. Maana yake ni kwamba alikuwa akilipia mapema mafanikio ya miaka mingi ijayo, kana kwamba yamekwisha kutokea. Kampuni nzuri ikinunuliwa kwa bei hiyo haina nafasi ya kujikwaa hata mara moja.

Msomaji wa Pemba hahitaji kufundishwa jambo hili, kwani limempitia shambani mwake. Kwa miaka mingi karafuu zetu zilikuwa na mnunuzi mmoja aliyewapita wengine wote, Indonesia, aliyezihitaji kwa ajili ya sigara zake za kretek. Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, lililoanzishwa mwaka 1968, lilikusanya zao lote na kuliuza, na fedha za kigeni zikaingia. Wakati huohuo Indonesia ilikuwa ikiotesha mikarafuu yake. Ilipofika miaka ya 1980 ikawa inajitosheleza, na bei ya karafuu duniani ikaporomoka. Mashamba mengi yakaachwa bila ya kupaliliwa, na mchumaji aliyekuwa akiungoja msimu kama sikukuu akatafuta kazi nyingine. Karafuu ya Pemba haikuwa imeharibika. Harufu yake ilikuwa ileile na mafuta yake yaleyale. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine.

Ndivyo ilivyo kwa maziwa haya. Mlango wa China una funguo kadhaa, na hakuna hata mmoja ulioko New Zealand. Ufunguo wa kwanza ni sheria. Serikali ya China huandikisha maziwa ya watoto kwa kiwanda, si kwa jina la kampuni tu, na tangu mwaka 2018 kila kiwanda kimewekewa kikomo cha majina matatu. Asiye na kiwanda kilichoandikishwa hukaa kwa hisani ya mwenye nacho. Hilo ndilo lililoisukuma kampuni hii, baada ya kujivunia kwa miaka mingi kwamba haina mzigo wa majengo, kununua mwaka 2021 asilimia 75 ya kiwanda cha Mataura Valley huko Southland, na mwaka 2025 kutangaza kwamba itakiuza kiwanda hicho na kununua kingine cha Pokeno, kusini ya Auckland, kutoka kwa Mengniu ya China, kwa kiasi cha dola milioni 280. Kilichonunuliwa hapo si mashine peke yake. Ni na vile vyeti vya kuandikishwa.

Ufunguo wa pili uko kwa akina mama wa China wenyewe. Mwaka 2016 walizaliwa huko watoto karibu milioni 18. Mwaka 2023 walizaliwa milioni 9. Hakuna tangazo, hata liwe zuri namna gani, litakalomnywesha maziwa mtoto ambaye hakuzaliwa. Ni kweli kwamba kampuni imejitahidi, imeongeza sehemu yake katika soko linalopungua, na mauzo yake yamerudi na kuupita ule mwaka wa 2020. Tunaisifu kwa hilo. Lakini kukua kwa kumnyang'anya mwenzako ni kazi ngumu na ya gharama kuliko kukua pamoja na soko.

Tuseme kidogo pia juu ya Synlait, yule mshirika wa kutengeneza. A2 ilikuwa na karibu moja ya tano ya hisa zake. Synlait ilikopa ili kujenga, mzigo mkubwa ukatoka kwa mteja mmoja, na mteja huyo alipotikisika nayo ikatikisika, hata ilipofika mwaka 2024 ikabidi iokolewe kwa fedha mpya za mbia wake mkubwa wa Kichina, Bright Dairy, pamoja na za A2 yenyewe. Pia wakulima waliokuwa wakiipelekea maziwa wakaanza kutoa taarifa za kutaka kuhama. Kwa hiyo anayesoma hesabu za kampuni asiishie kwenye ukurasa wa kampuni hiyo. Amtazame na yule anayeibebea mzigo.

Jambo jingine ambalo wananchi wengi hawaulizi ni gawio. Kampuni hii iliandikishwa katika soko la hisa mwaka 2004, lakini gawio la kwanza kwa wenye hisa lilitolewa mwaka 2025. Kwa miaka ishirini, aliyetaka kupata chochote kutokana na hisa zake hakuwa na njia isipokuwa kumuuzia mtu mwingine kwa bei ya juu zaidi. Kijana mwenye mshahara anaweza kungoja. Mfuko wa akiba za wazee, ambao kila mwezi una watu mlangoni wanaodai pensheni, hauwezi kungoja hivyo, na ofisa anayeusimamia asikubali kuoneshwa mstari wa bei bila ya kuoneshwa mstari wa gawio.

Liko na suala ambalo halimo katika vitabu vya fedha, nasi tungekuwa wanafiki tukilipita. Sehemu kubwa ya mapato ya kampuni ya namna hii hutoka katika maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Mwaka 1981 Mkutano wa Afya wa Dunia ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa bidhaa zinazochukua nafasi ya maziwa ya mama, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba matangazo yalikuwa yakiwaondoa watoto wa nchi masikini kifuani mwa mama zao na kuwatia mikononi mwa chupa iliyochanganywa na maji machafu. Shirika la Afya Duniani hadi leo linausia maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Wako akina mama wasioweza kunyonyesha, na kopo safi kwao ni rehema. Lakini mtu anapoambiwa kwamba soko fulani la Afrika au la Asia lina nafasi kubwa ya kukua, na aulize linakua kwa kuwahudumia akina mama hao, au kwa kuwatia shaka wale ambao maziwa yao wenyewe yanatosha. Serikali nayo ikiamua kuzibana kanuni hizo, kama ilivyo haki yake, faida iliyokisiwa hupungua, na hiyo ni hatari ya kibiashara mbali ya kuwa suala la dhamiri.

Wapo watakaosema kwamba somo la haya yote ni kwamba nasi tuanzishe maziwa yetu ya A2, kwa kuwa ng'ombe tunao. Sisi tunaona haraka hiyo haifai. Visiwa hivi bado vinaagiza maziwa kutoka nje kwa ajili ya chai ya wananchi na mahoteli ya watalii, na ng'ombe wa kienyeji hutoa lita chache kwa siku. Kinachokosekana kwetu ni majani wakati wa kiangazi, ubaridi wa kuhifadhia kutoka shambani hadi mjini, na dawa za kupe kwa bei ya mfugaji. Hayo yakipatikana, kupima unywele wa mkia si kazi kubwa. Hata hivyo tungewaomba wataalamu wa Idara ya Mifugo, wanapochagua mbegu za kupandishia kutoka nje, watazame pia aina ya maziwa ya madume hao. Taarifa hiyo siku hizi huandikwa waziwazi katika orodha za wauzaji wa mbegu, haiongezi gharama, na hakuna ajuaye kama wajukuu zetu hawatakuja kuihitaji.

Ama kwa mwananchi au ofisa ambaye tayari ameletewa kabrasha la kampuni ya maziwa, ya a2 au nyingine ya mfano wake, ushauri wetu ni kwamba asilisome kabrasha kwanza. Aanze na ripoti ya mwaka, na ndani yake atafute kurasa tatu: ile inayoonyesha mauzo kwa kila nchi, ile inayoeleza mzigo uliobaki maghalani, na ile ya fedha taslimu zilizoingia na kutoka. Akute ni sehemu gani ya mauzo inayotoka katika nchi moja, na kama mzigo wa maghalani unakua upesi kuliko mauzo. Kisha aulize Benki Kuu kuhusu taratibu za kupeleka fedha za kigeni nje na kuzirejesha, maana ziko hisa ambazo ni rahisi kuzinunua kuliko kuzirudisha kuwa shilingi. Kampuni ya a2 hufunga hesabu zake kila tarehe 30 Juni na kuzichapisha mwezi wa Agosti, na yeyote anaweza kuzisoma bila ya malipo.